Wino wa kijani: upi una buluu, upi una manjano, upi hausomeki

Weka Sherwood Green ya Diamine kando ya Shin-ryoku ya Pilot, zote wino wa chupa wa kalamu za kujazwa, kwenye skrini ya simu, utaapa ni wino mmoja uliotiwa kwenye chupa mbili. Zote husifiwa kwa maneno yaleyale, kijani cha msitu. Ziandikie kwenye karatasi moja nyeupe, kisha zitazame saa nne asubuhi karibu na dirisha: Shin-ryoku inaegemea buluu waziwazi, na Sherwood inabaki kijani cha jani lililokomaa. Jioni zitazame chini ya taa ya manjano, na tofauti ile inafifia tena.

Buluu na nyeusi hazina vituko hivi kwa kiasi hiki. Kijani kina vituko kwa sababu wino mwingi wa kijani hautokani na rangi moja. Kiwandani huchanganywa rangi ya manjano na rangi ya feruzi au buluu, na kikitakiwa kijani kilichopoa huongezwa kidogo cha nyekundu au kahawia. Basi kitu chochote kinachogusa mojawapo ya rangi hizo bila kugusa nyingine hubadilisha kijani chote: taa, karatasi, maji, jua, hata mabaki ya wino wa zamani ndani ya kalamu.

Kuthibitisha hilo hakuhitaji maabara. Kata ukanda wa karatasi ya chujio la kahawa, upana sentimita 2 na urefu 10. Tia tone dogo la wino sentimita 1.5 kutoka chini, liache likauke, kisha simamisha ukanda ndani ya bilauri yenye maji kina cha sentimita 1 hivi, tone lenyewe lisiguse maji. Maji yakipanda hubeba rangi kwa kasi tofauti, na ndani ya dakika chache utaona tabaka la manjano limeachana na tabaka la buluu. Vijani vya zeituni mara nyingi hutoa na alama ya kahawia au ya waridi ambayo usingeidhania. Ukanda huo unakueleza tabia ya wino kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kalamu moja, karatasi moja, mwanga mmoja

Picha za intaneti zinafaa kuchuja orodha tu. Kamera ya simu hujirekebishia weupe yenyewe, na skrini nyingi haziwezi kabisa kuonyesha vijani vilivyokolea vya upande wa feruzi, kwa hiyo hivyo ndivyo vinavyopotoka zaidi. Ukilazimika kupiga picha, piga kivulini mchana, zima flashi, weka sampuli zote mbili ndani ya picha moja. Picha mbili za siku mbili hazilinganishiki.

Kwa kalamu ya majaribio, chagua inayobadilishwa nibu, yaani ncha ya chuma ya kuandikia, kwa urahisi. Lamy Safari inafaa: nibu hutoka kwa kuivuta mbele kwa kipande cha selotepu, na EF (nyembamba kabisa), F (nyembamba), M (ya kati) na B (pana) zote hukaa kwenye mwili uleule. Kumbuka pia kwamba F ya Pilot au Sailor ni nyembamba kuliko F ya Lamy au Pelikan. Wino unaoonekana mzito kwenye F ya Kijerumani unaweza kuwa umepauka kwenye F ya Kijapani. Kalamu ya kioo ya kuchovya ni ya haraka, lakini inamwaga wino mwingi mno mwanzoni, kwa hiyo maneno matatu ya kwanza yatakuwa meusi kuliko kalamu yoyote itakavyokupa na ya mwisho yatakuwa yamefifia. Itumie kujua wino umeegemea wapi, usiitumie kuamua unasomeka vipi.

Kabla ya kutia wino mwingine, nyonya na kumwaga maji ya kawaida mara kumi hivi, kisha simamisha nibu juu ya tishu iliyokunjwa. Tishu ikinyonya maji yenye rangi yoyote, endelea. Mabaki kidogo ya buluu yanaisogeza Sherwood hadi kwa Shin-ryoku, na mabaki ya nyekundu hufanya kijani chochote kuwa cha matope. Penye ugumu, changanya amonia ya nyumbani sehemu 1 na maji sehemu 10, ongeza tone moja la sabuni ya vyombo, pitisha ndani ya kalamu, kisha suuza kwa maji mpaka harufu iishe. Maji ya moto usitumie. Yanaweza kupinda ule ulimi wa plastiki ulio chini ya nibu, na ukipinda, kalamu haitatoa wino sawasawa tena.

Karatasi ya sampuli nayo ina utaratibu wake. Anza na kijiti cha pamba cha masikio: chovya, pitisha mara moja kwa urefu wote, rudia theluthi mbili, kisha theluthi moja, upate ngazi tatu za uzito. Chini yake andika sentensi kwa nibu utakayotumia kila siku. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanunuapo kijani, maana mpako wa pamba huupendelea wino hafifu. Rangi iliyopakwa upana wa sentimita moja hupendeza hata ikiwa nyepesi kama chai ya mchaichai. Rangi hiyohiyo kwenye mstari wa nusu milimita haisomeki.

Halafu chora mistari sita na upitishe kidole kavu juu ya wa kwanza baada ya sekunde 5, wa pili baada ya 10, hivyo hivyo hadi 30. Kisha dondosha tone la maji juu ya maandishi yaliyokauka, subiri dakika moja, bonyeza tishu bila kusugua. Yakisalia mabaki ya buluu au kijivu, ujue manjano ndiyo iliyoondoka. Mwisho, kata ukanda wa maandishi, funika nusu kwa karatasi ya foili, uubandike kwenye dirisha linalopigwa na jua na uufunue kila wiki. Kuna vijani vinavyopauka kwa usawa, na kuna vinavyobadilika rangi kwa sababu mojawapo ya zile rangi mbili imekufa kabla ya mwenzake. Wa pili ndio wa kuuepuka kwenye shajara unayotaka isomeke miaka ijayo.

Hukumu ya rangi itolewe kesho yake. Wino mbichi huonekana umekolea kuliko utakavyokuwa, na aina chache hufanya kinyume na kuzidi kukolea siku ya pili.

Karatasi inavyoharibu au kupamba

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hunywa wino hadi ndani ya nyuzi. Kijani kinapoteza uhai, kingo za herufi zinachanuka, na wino wenye majimaji mengi unatokeza upande wa pili. Rhodia ya gramu 80 imelainishwa juu, hivyo wino unakaa usoni, rangi inang'aa zaidi na kukauka kunachelewa. Tomoe River ya gramu 52 inazidi hapo: ni nyembamba, maandishi ya nyuma yanaonekana kwa mbali, lakini hakuna karatasi inayoonyesha vizuri kupishana kwa wepesi na uzito ndani ya herufi moja. Usiupime wino kwa Tomoe River kama utaandikia daftari la shule. Daftari zenye karatasi ya rangi ya maziwa nazo huongeza manjano kwenye kila kitu. Kijani cha buluu huwa cha kati, na kijani cha zeituni huwa kahawia.

Kwa walioko pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unyevu wa masika unarefusha muda wa kukauka, kwa hiyo sekunde 15 zilizoandikwa na mtu wa nchi kavu zisikudanganye. Ofisini kwenye kiyoyozi hali inageuka: nibu ikiachwa wazi wakati wa kufikiri, wino unakauka kwenye ncha na mstari wa kwanza hautoki.

Upande wa buluu

Shin-ryoku ndiyo kipimo changu cha upande huu. Iroshizuku, mfululizo wa Pilot ilimo Shin-ryoku, kwa jumla ni wino wenye majimaji, unateleza vizuri, haukwami, na hurudisha uhai kwenye kalamu kavu, ile inayotoa wino kidogo. Huja kwenye chupa ya mililita 50, na kuna ya 15 kwa anayejaribu. Inasomeka hata kwenye nibu nyembamba kabisa, na kwa kazi ya ofisi inapita bila kuvuta macho. Ubaya wake ni huohuo wa majimaji: kwenye karatasi ya fotokopi itatapakaa, na kwa nibu ya M utalaumu kalamu bure.

Syo-ro ya Pilot iko jirani, ila imetiwa ukijivu na imesogea zaidi kwenye buluu. Waterman Harmonious Green nayo ina feruzi ndani yake na ni nyangavu kuliko Shin-ryoku. Chupa yake ya pembe-pembe hulazwa upande wino ukipungua, jambo dogo lakini linaokoa mililita za mwisho. Verdigris ya Rohrer & Klingner huwapotosha wanunuzi kwa jina, ambalo ni la kutu ya kijani ya shaba; ni buluu iliyozama yenye kijani kwa mbali, na ukiitaka kama kijani utasikitika. Kama buluu ya kikazi ni nzuri sana.

Pelikan 4001 Brilliant Green ni kijani kikali cha zumaridi. Familia ya 4001 ni kavu, haimwagiki, na ndiyo sababu naipendekeza kwa karatasi mbovu na kwa kalamu zinazotoa wino kupita kiasi. Chupa za mililita 30 na 62.5. Itie kwenye kalamu kavu yenye nibu ya EF na itakuwa kama unakwaruza.

Katikati

Sherwood Green ndiyo ningeanza nayo kama ningeruhusiwa chupa moja tu. Imekolea kiasi cha kusomeka kwenye F yoyote, ina kupishana kwa rangi bila kupiga kelele, na Diamine, kampuni ya Liverpool iliyoanza 1864, huiuza kwenye chupa ndogo ya plastiki ya mililita 30. Konvata ya kawaida, kile kitungi cha kunyonyea wino ndani ya kalamu, inabeba kama mililita 0.8, kwa hiyo chupa hiyo ndogo inajaza kalamu mara thelathini na kitu. Chupa ya kioo ya mililita 80 subiri mpaka uwe na uhakika.

Aventurine ya Pelikan Edelstein ni safi na angavu zaidi kuliko Sherwood, Moss Green ya Graf von Faber-Castell ni tulivu zaidi na huja kwenye chupa nzito ya mililita 75. Irish Green ya Montblanc ni kijani cha wazi kisichojificha. Kwa kupigia mistari na kusahihishia kazi ni sawa, kwa kurasa kumi za maandishi inachosha macho. Na kwa kuwa tumefika kwenye masahihisho: kwenye ofisi nyingi rangi hii imezoeleka kuwa ya wakaguzi wa hesabu, kwa hiyo ulizia kabla ya kuitumia kwenye daftari la fedha. Shirika la ujasusi la Uingereza, MI6, lina desturi yake pia. Mkuu wake wa kwanza, Mansfield Cumming, alitia saini ya herufi C kwa wino wa kijani, na waliomfuata wameiendeleza.

Upande wa manjano na zeituni

Hapa ndipo penye utamu. Alt-Goldgrün ya Rohrer & Klingner, Wajerumani walioanza kazi Leipzig mwaka 1892, lazima ionekane kwa karibu. Andika herufi kubwa S kwa nibu pana ya B kwenye Rhodia. Pale kalamu inapoanza na kukimbia, mstari ni wa manjano yenye kijani, karibu kung'aa. Kwenye kona ya chini, kalamu inapopunguza mwendo na wino kutuama, rangi inazama hadi zeituni nzito. Tofauti hiyo ipo ndani ya herufi moja, na mpaka wake ni laini. Inatokea kwa sababu wino ule haujashibishwa rangi: penye tabaka jembamba karatasi inapenya, penye dimbwi rangi inajikusanya. Mambo matatu yanaua kupishana huku: nibu nyembamba, karatasi inayokunywa, na kalamu inayomwaga wino mwingi hadi kila sehemu ya herufi inakuwa dimbwi. Ukiambiwa Alt-Goldgrün ni wino wa kuchosha, uliza kwanza uliandikwa na nini.

Chini ya taa ya manjano unageuka kahawia. Hilo halina dawa.

Safari ya Diamine, si ile kalamu ya Lamy, ni zeituni iliyokauka, kijani cha nguo za jeshi. Salamander ni nyeusi zaidi, na kwenye EF mtu asiyeambiwa atadhani ni kijivu. Olivine ya Edelstein, iliyokuwa wino wa mwaka wa Pelikan 2018, ni zeituni nzito inayosomeka kirahisi. Tokiwa-matsu ya Sailor ni msonobari wenye zeituni, na kwenye karatasi isiyonywa wino hutoa mng'ao mwekundu pale wino ulipotuama. Chupa za mfululizo wake ni mililita 20 tu, hesabu bei kwa mililita kabla ya kulipa.

Vijani vyepesi havihitaji maneno mengi. Chiku-rin ya Pilot, Waka-uguisu ya Sailor, Vert Olive ya Herbin: vyote vinapendeza kwenye mpako wa pamba, vyote vinachosha kwenye F. Vitie kwenye nibu ya B au ya kukatwa bapa, uvitumie kwa vichwa vya habari na kuchorea. Ukiscan kwa rangi nyeusi na nyeupe, nusu ya maandishi inaweza kutoweka.

Vinavyohitaji uangalizi

Emeraude de Chivor ya Herbin, iliyotoka 2015, ina mambo mawili kwa pamoja: mng'ao mwekundu na chembe za dhahabu zinazometa. Chembe hizo hutuama chini ya chupa, kwa hiyo pindua chupa taratibu mara kadhaa kabla ya kujaza, na uzungushe kalamu yenyewe kabla ya kuandika kama imelala usiku kucha. Ndani ya nibu nyembamba chembe huziba njia. Tumia M au B, kwenye kalamu unayoweza kuifungua yote, na isikae humo wiki kadhaa bila kuandikiwa. Mng'ao nao una gharama: ni rangi iliyobaki juu ya karatasi bila kuzama, na mkono wenye jasho utaipangusa hata baada ya siku nyingi. Chupa ndogo za Herbin za mililita 30 zina mdomo mwembamba. Kalamu nene haiingii, tumia sirinji.

Forest Black ya Platinum ni jamii nyingine kabisa, wino wa chuma na tanini. Unatoka kijani, halafu chuma kinapokutana na hewa unazidi kuwa mweusi, hadi unabaki mweusi wenye dalili ya kijani kwenye mistari myepesi. Unastahimili maji kuliko vijani vyote nilivyotaja hapo juu. Una asidi, kwa hiyo nibu za chuma za bei nafuu usiziache nao miezi, na safisha kalamu kila baada ya wiki mbili au tatu. Suuza kwa maji matupu kwanza. Ile amonia ikikutana na wino huu, chuma kinaganda na kuwa mashapo ndani ya ulimi. Kwa sababu hiyohiyo usiuchanganye na wino mwingine wowote.

Anayetaka kijani kisichofutika kwa maji na kisichobadilika aende kwenye wino wa pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka, kama Document Green ya De Atramentis. Pigmenti ikikauka ndani ya kalamu haitoki kwa maji peke yake, basi itie kwenye kalamu unayoitumia kila siku.

Kujichanganyia

Tumia wino wa mtengenezaji mmoja na wa mfululizo mmoja, wa rangi za kawaida, si wa chuma wala wa pigmenti. Platinum wana mfululizo uitwao Mix Free uliokusudiwa hasa kwa kazi hii. Anza na manjano, kwa sababu feruzi ina nguvu na tone moja la ziada huwezi kulitoa. Pima kwa sirinji ya mililita 1: manjano 0.9, feruzi 0.1, andika, kisha ongeza feruzi kwa 0.05 hadi upendapo. Usitumie buluu ya shule inayofutika kama Royal Blue ya 4001. Rangi yake inategemea asidi ya wino, na ndani ya mchanganyiko inaweza kupotea. Kijani kikitoka kikali kama plastiki, tia nyekundu kidogo sana, ncha ya kijiti cha meno. Ukitaka zeituni, tia chungwa badala ya nyekundu. Acha mchanganyiko kwenye kichupa safi kwa wiki moja, kisha utazame chini kwa tochi. Ukikuta mashapo au utando, mwaga. Wino uliotoka kwenye kalamu usiurudishe chupani hata ukiwa mwingi, maana ndiko kuvu kunakoanzia, na joto la kwetu hukuharakisha.

Kosa la mwisho halihusiani na chupa. Kalamu iliyolala wiki tatu, hasa yenye kifuniko kisichobana, hupoteza maji na kubaki na wino uliokolea. Sherwood ikifika hapo inakuwa karibu nyeusi, na mtu huandika kwamba rangi imebadilika. Chovya ncha ya nibu kwenye maji safi, ifute, andika mistari miwili kwenye karatasi ya pembeni. Rangi ikirudi, tatizo lilikuwa maji. Isiporudi, mwaga wino uliomo, suuza, jaza upya, ndipo ulinganishe na sampuli yako ya kwanza.